Ubani kwa Maneno ya Kizungu

Konde, Alkhamisi, Machi 1938

Harufu ya ubani ingali chumbani, na inaniudhi.

Sijui njia nyingine ya kuhifadhi ila ile ya chuoni: kukaa mkekani, kuyumba, kusoma kwa mahadhi. Ndivyo nilivyohifadhi Kurani, na ndivyo ninavyohifadhi maneno ya mtihani wa ukarani. "Benevolent", Kilatini, mtaka heri. "Tariff", Kiarabu, ndugu wa taarifa yetu. Mkaguzi Mzungu hupenda kuuliza asili ya neno.

Mama alikuwa uani, akasikia mahadhi tu. Akadhani namsomea marehemu baba Yasini, kama kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Akawanyamazisha watoto wa jirani, akaniwekea chetezo cha ubani mlangoni. Nilipomaliza akasema, "Mungu amrehemu baba yako, mwanangu."

Nikaitikia, "Amin."

Mtihani ni Jumamosi. Nikianguka, narudi kuchuma karafuu za watu. Naogopa, sina haja ya kuficha humu daftarini.

Katika maneno yote yale, baba angelitambua hilo la Kiarabu tu.

Mama amelala, ameridhika. Yasini bado sijaisoma, na sauti imenikauka.