Sikupigwa na Radi

Mume wangu Baba Shukuru,

Nakusalimu kutoka Mwanza, nimekaa kitandani na mto mgongoni. Natumaini wewe ni mzima, Shukuru mafua yamemwacha, na nyani hawajamaliza mahindi ya bondeni. Mimi ukiniuliza hali, mwili unajikongoja, ila moyo umepata kishindo. Sikupigi simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu na Mabawe nzima inasikiliza, na haya ni yako peke yako kwanza. Dada yako Odilia atakukabidhi barua hii mwenyewe.

Siku aliyofika hapa nyumba ya wagonjwa nilifurahi mpaka nikasahau maumivu. Nikamwendea nimpe mkono. Yeye akaweka begi mlangoni, akarudi nyuma, akanisalimia kutoka pale pale. Nikadhani ni uchovu wa basi. Nikafungua begi nikitegemea maharage na samli, maana nawajua, hamwezi kumtuma mtu mikono mitupu. Nikakuta vitenge vyangu. Vyote. Chini yake sare yangu ya kina mama wa kanisani, kikombe changu cha bati, na hata ndala zangu za kuogea.

Nimeshtuka, Baba Shukuru. Daktari aliponiambia uvimbe ule wa titi ni saratani sikushtuka hivi, kwa sababu siku ile ulikuwa umenishika bega. Nilikaa chini kwenye sakafu, kikombe mkononi, nikamuuliza Odilia nani amekufa. Akasema hakuna aliyekufa. Akawa anaangalia viatu vyake.

Ndipo akanieleza habari ya ile picha. Nilikutumia wewe ile picha ya kifua changu, uone ninavyoteseka, na ikibidi unitanie kama kawaida yako. Wewe ukamwonyesha mama yako. Mama akaona ngozi imekuwa nyeusi kuanzia karibu na shingo mpaka kwapani, imeishia ghafla kama imepimwa kwa rula, akasema hiyo ni inkuba, radi, hakuna kingine kinachounguza mtu hivyo. Na aliyepigwa na radi haingii ndani wala hashiki mtoto mpaka mtu wa radi aje kumsafisha. Vitu vyake vinatoka kwanza. Tena, akasema, mimi naifuata mwenyewe kila siku huku hospitali nipigwe upya, sasa nitasafishwa mara ngapi?

Nilicheka. Halafu nikaona Odilia hacheki.

Mimi simdharau mama. Nimezaliwa huko huko. Radi ilipoua mbuzi wa jirani yetu kule Kibimba, hata mimi sikuigusa ile nyama, na mwenye mbuzi alilala nje na hakuna aliyemwona mjinga. Lakini mimi sikupigwa, mume wangu. Mimi ninatibiwa.

Nikueleze basi, maana naona sikukueleza vizuri. Ninalala chali kwenye kitanda kigumu, mkono wa kulia juu ya kichwa, mkono huo ambao tangu nilipokatwa titi haupandi bila machozi. Wananipanga kufuata alama walizonichora kwa wino, wanatoka, mashine ya mionzi inavuma kidogo, wanarudi. Sisikii moto wala sindano. Wiki za mwanzo nilidhani wananidanganya. Kisha ngozi ikaanza kuwasha, ikawa nyeusi, na kwapani ikabubujika majimaji na kubabuka. Nilipovua blauzi siku moja kipande cha ngozi kilibaki kwenye kitambaa. Nilikitazama nikasema huyu ni mimi au ni ndizi? Sidiria sivai tena. Poda, mafuta, marashi na dawa za majani wamekataza, kwa hiyo ile dawa ya shangazi ilibaki kwenye chupa. Naoga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, najikausha kwa kugusagusa bila kusugua. Na uchovu! Nikienda chooni na kurudi ni kama nimelima shamba zima. Mkono naupandisha ukutani kwa vidole, kidogo kidogo, kama mjusi mvivu.

Sasa, Odilia ana akili, wewe unamjua. Akauliza swali ambalo mama amewapa nyote: kama hayo mambo ni salama, mbona wenyewe wanakimbia na kufunga mlango? Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya matibabu, nikamwambia twende akaulize mwenyewe.

Lakini lazima nikwambie ukweli, asubuhi hiyo karibu nisiende. Nilijifunika khanga nikageukia ukuta. Nilijiuliza, naungua kwa ajili ya nini? Kurudi kwenye nyumba ambayo hata nguo zangu zimekataliwa? Mama Kabula, mwenzangu wa chumbani kutoka Geita, naye anatibiwa, alinivuta miguu. Akanikumbusha kwamba tumekatazwa kuruka hata siku moja, dawa isije ikaharibika katikati. Akasema nikitaka kugombana na wakwe nigombane nikiwa hai.

Kwenye chumba cha mionzi yuko dada mmoja mtaalamu, mjamzito, tumbo limeshatangulia. Odilia akamtupia swali la mama neno kwa neno. Yule dada hakuchukia. Alisema wao wako pale siku nzima, mgonjwa baada ya mgonjwa, na wao hawaumwi, sasa ya nini wapate mionzi ya watu wote? Mimi napata yangu tu, inayoua ugonjwa. Kisha akanigeukia akaniambia maneno ambayo naomba uyasome mara mbili:

"Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Hubaki nayo mwilini, huibebi kwenye nguo. Ukifika kwako, mbebe mwanao."

Akanishika bega kwa mkono mtupu, na tumbo lake lile, akanilaza. Odilia aliona kwa macho yake.

Tuliporudi nilishindwa kunyanyua mkono nioge, na Mama Kabula alikuwa kliniki. Nilisimama na beseni kama mtoto. Odilia akasimama mlangoni muda. Halafu akakunja mikono ya gauni, akachota maji, akaniosha mgongo, akaja mbele akaona lilivyo kovu na jinsi palivyobabuka, akanikausha kwa upole. Wote wawili tulilia.

Ndipo nikamwambia ninamwonea huruma mama, kupanga nguo zote zile kwa magoti yake yale mabovu. Akasema, "Wifi, mama alisema tu. Aliyezikunja ni kaka."

Akaongeza, kana kwamba ananifariji, "Alizikunja vizuri."

Baba Shukuru, tangu saa ile sijui nikuite nani. Nilikuwa nimejiandaa kumsamehe mama mkwe, na msamaha huo nimeshampa. Wako sikuwa nimeandaa. Nimeumia kuliko ninavyoumia kwapani. Nakuuliza, ulipokuwa ukikunja ile sare, Shukuru alikuwa wapi? Alikuuliza mama anahamia wapi? Ulimjibu nini?

Odilia anarudi na begi, halijapungua hata ndala. Atakueleza yote aliyoona, na wewe dada yako unamwamini. Mama akitaka kumwita mtu wa radi anyunyize ua mzima ili apate usingizi, mwache, sitagombana naye. Lakini nje kwenye kibanda cha pembeni sitalala, na kikombe cha peke yangu sitanywea. Nitalala nyumbani kwangu, na Shukuru atalala upande wangu wa kushoto mpaka ngozi ya kulia ipone. Wamesema itapona wiki chache baada ya kumaliza, na kumaliza kumekaribia.

Mama mkwe mfikishie shikamoo yangu yenye heshima zake zote. Kaka yako mkubwa wa Nyamiaga naye shikamoo, na mkewe aliyelima sehemu yangu Mungu amlipe. Katekista mwambie sala zimefika. Shukuru mbusu, umwambie ni mama.

Nikimaliza nitapanda basi la kupitia Biharamulo, Odilia atakujulisha siku. Nikishuka Ngara nitakupa mkono wa kulia, wa upande ule ule ulioungua, mbele ya watu wote wa stendi. Utakapofika hapo uwe umeshaamua.

Ni mimi mkeo, bado,
Mama Shukuru