Lete Mkono

Tarehe 4 Februari

Kwa dada,

Salamu nakutumia kwa sababu tumelelewa vizuri, si kwa sababu nyingine. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia mashine za kufulia za hoteli kutwa nzima. Usinipe pole, sikuandika kwa ajili hiyo.

Nataka mafuta ya kunukia ya Mama. Si yale ya kuuza yaliyopangwa kwenye rafu ya mbele. Nataka yale aliyokuwa akijichanganyia mwenyewe, ambayo hakuwahi kumuuzia mtu hata abembelezwe vipi. Najua unajua kuyachanganya. Miaka yote ulikuwa umesimama nyuma yake ukichungulia anavyodondosha.

Sina kitu kingine chake. Nilipofika mlikuwa mmeshazika. Nilikueleza kwamba gari lilituharibikia njiani, ukaniangalia kama mwizi wa kuku. Nikaomba niingie chumbani kwake nikae kidogo tu, nikakuta umetia kufuli. Na nguo zake zote, dada, zote, ziko kwenye kamba zinanuka sabuni. Hata mtandio wake wa kulalia! Mimi nafua mashuka ya watu kila siku ya Mungu, naijua nguo iliyofuliwa kwa hasira. Ule mtandio uliusugua mpaka upindo ukaachia nyuzi.

Kwa hiyo usiniletee hadithi. Nitumie chupa moja ndogo.

Mdogo wako, upende usipende


Tarehe 19 Februari

Kwa mfua mashuka,

Barua nimeipata. Afya yangu ni njema, asante kwa kuuliza huku umenuna. Mgongo ukande kwa maji ya moto, na ujifunze kuinama kwa magoti.

Tuelewane kwanza. Nguo za mgonjwa zinafuliwa. Ungekuwepo ungejua zilikuwa zimelowa nini. Wewe ulikuja na viatu vya kisigino, watu wameshatawanyika, unataka ukae chumbani unuse nguo. Nani alikuwa anamgeuza asipate vidonda? Nani alikuwa anamnywesha supu, kijiko kimoja kimoja, na nusu yake inarudi? Ulisusa ukaondoka kwa sababu nilikwambia mbele ya wateja kwamba huna pua ya kazi hii. Nilisema, na leo narudia: huna.

Mafuta nimekuchanganyia, yamo humu kwenye kifurushi. Usidhani nimekuonea huruma. Sitaki tu uzunguke ukiwaambia watu kwamba nimekunyima cha mama yako. Nimeyapima vizuri kama alivyotufundisha, maana duka hili halijawahi kutoa mafuta yasiyopimwa.

Mwenye duka


Tarehe 2 Machi

Kwa mwenye duka,

U hali gani? Mimi ni mzima na nimekasirika.

Hiki ulichonitumia ni kitu gani? Nilipofungua kizibo nikasema ngoja, ndani ya chupa mafuta hayasemi kweli. Nikapaka, nikajifungia stoo ya mashuka ili mtu asinisumbue. Nikakaa juu ya marundo nikamsubiri Mama. Hakuja. Waridi lilinukia vizuri mwanzoni, likaondoka, ukabaki utamu wa kukera, kama poda ya mtoto mchanga. Nikalia kwa hasira mpaka msimamizi akagonga mlango kuuliza kama nimeumia.

Zafarani iko wapi? Mama akiingia mlangoni kilichotangulia kilikuwa zafarani, ile harufu kavu kama ya mkoba mpya wa ngozi, halafu ndiyo sandali, halafu ndiyo yeye. Humu zafarani umeionyesha tu chupa kisha ukairudisha kwenye rafu. Asiye na pua amekugundua, unaona?

Umenichanganyia ya uongo makusudi. Kama ulitaka kuninyima, ungeninyima waziwazi, tukajua moja.

Mdogo wako


Tarehe 10 Machi

Kwa bingwa wa kunusa,

Habari za huko. Hapa nilikuwa salama mpaka nilipofungua barua yako, presha ikapanda.

Ebo! Mimi nikuchanganyie ya uongo? Mimi? Uliyapaka wapi, hebu niambie. Kwenye mkono uliotoka kuchovya dawa ya kung'arishia mashuka? Halafu ukasugua. Usikatae, najua ulisugua, tangu utotoni ukipakwa mafuta unasugua vifundo vya mikono kama mtu anayewasha moto. Ukisugua unayavunja. Umesahau hata hodi? Mafuta yakigusa ngozi yanabisha hodi, hiyo ndiyo harufu ya kwanza na ndiyo ya kudanganya wateja. Baadaye yanakaa. Kisha jioni yanaaga, na Mama alikuwa akisema hujamjua mgeni mpaka umemwona anavyoaga. Wewe mgeni anabisha hodi tu, umeshamtukana.

Osha mkono kwa maji matupu. Ukauke wenyewe. Paka pale mshipa unapodunda, kisha uuache huo mkono na shughuli zako. Usiunuse kila mara kama paka.

Na ujue kwamba ngozi inageuka. Mtu akiwa na homa, akishinda na njaa, akinywa dawa, mafuta yaleyale yanakuwa mengine. Mwaka wake wa mwisho Mama mafuta yake yalimkataa kwa sababu ya vidonge. Alikuwa anapaka, ananusa, ananitazama, anasema, "Huyu si mimi." Kila asubuhi. Hilo ulikuwa hulijui, na ungelijuaje.

Mafuta yangu hayana kasoro. Ichunguze ngozi uliyoyapakia.

Mwenye duka


Tarehe 28 Machi

Kwa dada,

Natumaini presha imeshuka, maana sasa itapanda tena.

Nilifanya ulivyosema. Nilisubiri siku yangu ya mapumziko, nikaosha kwa maji matupu, sikusugua, sikunusa. Nikakaa nayo mpaka jioni. Poda ya mtoto, tangu hodi mpaka kuaga. Kesho yake nikaibeba chupa kazini nikamwambia mwenzangu wa pasi aitupe.

Yeye hakuitupa. Ni mwanamke mwembamba, ngozi kavu, viwiko vyeupe hata ajipake nini, yaani kama wewe kabisa. Akajipaka kwa mzaha, tukaendelea na kazi, mvuke na pasi na kelele. Wakati wa kutoka tumekaa kwenye benchi tunabadili viatu, akainua mkono afunge kilemba, na Mama akapita. Dada, akapita pale pale! Nilimkamata mkono mtu mzima nikaung'ang'ania puani, akadhani nimepagawa.

Ndipo nikajua. Uliyapima kwenye mkono wako. Ukaona zafarani inakuharibikia, ukaipunguza, ukapunguza, mpaka Mama akatokea kwenye ngozi yako wewe. Hukunichanganyia mimi. Ulijichanganyia mwenyewe, kisha ukanitumia mimi kama mkono wangu ni tawi la mkono wako.

Na Mama alipokuwa anapima mafuta yake mwenyewe, alikuwa anamwita nani? "Kitindamimba, lete mkono." Hakukuita wewe hata siku moja. Alisema ngozi yangu imenakili ya kwake. Wewe ulikuwa unafuta chupa huku unatutazama kwa jicho la pembe. Nilikuwa mdogo lakini nilikuona.

Sasa nichanganyie ya kweli. Au kama imebaki chupa aliyoichanganya yeye, nitumie hiyo.

Mdogo wako


Tarehe 6 Mei

Kwa dada,

Salamu. Sijui u mzima au u mgonjwa, maana umeninyamazia.

Kwa hiyo chupa yake ipo. Isingekuwepo ungeshaniandikia siku nyingi kunisuta.

Mdogo wako


Tarehe 30 Mei

Kwa Kitindamimba,

Natumaini mgongo haujambo. Mimi sijambo kwa kujikaza.

Chupa ipo. Imebaki kidogo chini, aliichanganya kwa mkono wake kabla ya vidonge. Iko chumbani kwake, na kufuli ni kwa ajili ya hiyo chupa. Sikuwa naficha dhahabu humo, kama ulivyodhani wewe na hao uliowaambia.

Nikiyapaka yananuka. Nisikie vizuri: sikusema yananukia. Yananuka kama ufunguo uliokaa kwenye kiganja chenye jasho. Nilijaribu baada ya mazishi, nikayaosha. Nikajaribu tena siku nyingine, nikayaosha. Nilisugua mkono mpaka ukawa mwekundu. Mimi niliyembeba mpaka bafuni! Mimi niliyekuwa namkata kucha, niliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda chake nikimsikiliza anavyopumua! Ngozi yangu haimtaki. Na wewe uliyesusa, uliyekuja na visigino watu wameshamaliza, wewe ndiye umeondoka naye mwilini bila hata kuomba. Roho inaniuma mpaka leo, na pole yako siitaki, kaa nayo.

Unasema nilikuchanganyia ya uongo. Hivi unajua nilivyohangaika? Nilipunguza zafarani, nikaongeza miski, nikapunguza tena, mkono wote umejaa madoa ya majaribio, wateja wananiuliza nina ugonjwa gani. Siku moja nahudumia mama mmoja mwenye maneno mengi, nikainua mkono kufikia rafu ya juu, na Mama akanipita. Nilimwacha mteja amesimama na chupa mkononi nikaenda kulia nyuma ya pazia. Fundi saa wa jirani ndiye aliyekuja kumuuzia.

Hayo ndiyo niliyokutumia. Nilikutumia kitu kizuri kuliko vyote nilivyo navyo, ukaniambia poda ya mtoto mchanga. Ni kweli niliyapima kwenye mkono wangu. Sina mkono mwingine humu dukani. Aliyekuwa na mkono wa kupimia aliondoka nao.

Na lile jicho la pembe, ndiyo, nilikuangalia. Ungekuwa wewe ndiye unafuta chupa ungeangaliaje?

Chupa ya Mama sikutumii. Thubutu! Ukiipata utajifungia kwenye hiyo stoo yenu ya mashuka umnuse peke yako mpaka aishe, na mimi nibaki na kufuli. Ukimtaka, njoo. Njoo na mkono, mdomo uache huko huko. Nitakupaka mimi mwenyewe, utakaa kwenye kigoda chake hapa dukani mpaka yaage, na mimi nitakuwepo. Sitaki kuongea. Nataka kukaa karibu tu.

Mwenye duka


Tarehe 8 Juni

Kwa dada,

Salamu, na afya yako naiombea kwa shingo upande.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokubali ukiniuliza. Ile habari ya "huyu si mimi" inanifuata kwenye mashine. Ungeniandikia wakati ule, dada. Ungeandika hivi tu: njoo, Mama amejipotea, tunataka mkono wako. Ningekuja hata kwa miguu. Lakini uliona bora afe hajinusi kuliko uniite. Hilo sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe.

Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nimeomba ruhusa. Mwenzangu wa pasi amenipokea kazi ya mashine, kwa hiyo mkono wangu haugusi dawa ya mashuka kuanzia leo. Nakula vizuri, sina homa, sinywi kidonge chochote.

Mdomo nitaufunga kama ulivyoagiza. Lakini dukani sikai. Mimi si mkono wa kupimia tena, na sitaki wateja waingie na kutoka huku mnaninusa na fundi saa. Nitakaa chumbani, kitandani kwake. Nikikuta kufuli mlangoni, nageuza na mkono wangu nirudi nilikotoka.

Mdogo wako


Tarehe 12 Juni

Kwa Kitindamimba,

Hatujambo hapa.

Barua yako imenikata maini.

Kufuli limetolewa. Dirisha la chumba sijalifungua na usilifungue. Usivae visigino. Njiani usipake kitu, hata sabuni ya kunukia, na ukisalimiwa na watu wenye manukato yao salimia kwa mbali.

Ule mtandio wa kulalia nimeushona upindo, nimeuweka juu ya mto wake. Yakishakaa vizuri mkononi, kabla hayajaaga, ujifute nao. Ufute taratibu, pande zote mbili, mpaka ushike harufu. Kisha uuache hapo hapo kwenye mto uende zako.

Safari hii sitaufua.

Dada yako