Kiti Kinachoegemea Kushoto

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, miguu umeinyoosha, na yale magoti yako yamepunguza ukali. Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha wiki nzima, mbao zimevimba na milango ya watu inagoma kufunga, kwa hiyo kazi ipo.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliisoma nimesimama kando ya mashine ya randa, kisha nikairudia nimekaa. Umeuliza kama Kitinda anakula, kama analala, kama bado anashtuka usingizini, kama vumbi la mbao halimsumbui kifua, kama wenzake kazini wanamwonea, na kama ana sweta. Nikafika mwisho nikijitafuta. Nikakuta umeandika, "Nisalimie wote hapo karakanani." Nadhani mimi nimo katika hao wote. Salamu zimefika, asante.

Basi nianze na huyo mdogo wangu, maana ndiye uliyemuulizia. Anakula hadi shati linambana. Analala. Kifua ni kizima. Msumeno wa umeme ukiwaka huziba masikio kwa pamba, na mbao ikipasuka vibaya hukunja uso kana kwamba aliyepasuliwa ni yeye. Wenzake hawamwonei, wanamtania tu. Fundi wa vanishi, yule mzee wa kofia niliyekusimulia, humwita Daktari wa Mbao, na kila asubuhi humpelekea kipande cha ubao akimwomba akipime homa. Kitinda huweka kiganja juu yake, akafikiri kidogo, akasema mgonjwa huyu alazwe. Wanacheka wote. Mimi nilipoanza, kwenye kona ya uwanja wa watu na msumeno wa kuazima, hakuna aliyenitania. Waliniogopa, nami nikadhani hiyo ndiyo heshima.

Sweta ninalo mimi. Namaanisha, anavaa langu.

Sasa Mama, kuna jambo la kiti. Lilitaka kumrudisha huko kwako mwezi huu, na sikupenda ulisikie kwa mtu mwingine.

Alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu, mtaratibu, mwenye kuongea kama bado anasahihisha madaftari. Mumewe alikuwa dereva wa malori, na tangu mwaka jana amepooza upande wa kushoto. Kila kiti wanachomkalisha, anateleza na kulalia upande ule mbovu, ikabidi mkewe akae pembeni kumshikilia kutwa nzima, kama nguzo inayoshikilia ukuta. Alitaka kiti cha kumtuliza mumewe ili naye aweze japo kwenda kuchemsha chai.

Unanijua kwa kazi. Nilikwenda nikampima yule mzee: goti hadi kisigino, nyonga hadi bega, kiwiko hadi kiti. Nikatengeneza kiti ambacho ungeweka kikombe kimejaa juu ya mkono wake na kisimwagike. Kikarudi. Nikatengeneza cha pili, nikazidisha kina cha kukalia sentimita nne na kuupandisha ukingo wa kushoto ili umzuie asianguke. Nacho kikarudi kwa pikapu ileile iliyokipeleka. Mwalimu alinishika mkono, akaniambia kwa upole, "Kiti ni kizuri, mwanangu, ila hakimtaki mume wangu." Nilimwitikia kwa adabu, nikaenda stoo kuhesabu mbao nilizokwisha kuzihesabu.

Kitinda akaomba aende yeye. Nilimruhusu, na nisikufiche, nilimruhusu nikitumaini naye atarudi mikono mitupu. Alikwenda Jumanne, akarudi jioni bila kipimo hata kimoja. Akaenda tena Jumatano. Nilipomuuliza anafanya nini huko, alisema anakaa nao. Anageuza kreti la soda, analikalia, anachonga kijiti, wao wanaongea. Hata wateja wanaokuja hapa huwakalisha kwenye kreti lake na kuwaacha waseme yao, na mimi kwa mbali nahesabu saa zinavyopotea. Nilimtaka vipimo vya yule mzee. Akanyoosha mikono hewani, hivi na hivi, kama mtu anayeonyesha ukubwa wa mtoto.

Alichokiona ni hiki. Yule mzee haanguki kwa udhaifu peke yake. Mkewe hukaa siku zote kushoto kwake, ameshika ule mkono usiohisi, naye anapotaka kusikia hadithi ya mkewe humwinamia. Mimi nilikuwa nimeweka ukingo mrefu katikati yao.

Kwa hiyo alikipindisha kiti. Sehemu ya kukalia aliigeuza kidogo kuelekea kushoto. Mkono wa kushoto aliushusha na kuupanua, ukawa kama meza ndogo, mikono miwili ya watu wawili ilale hapo. Na mgongo wa kiti akauchimba ubavuni, ili mtu akiinama apokelewe. Kilipokamilika karakana nzima ilikizunguka. Fundi wa vanishi akavua kofia. Mama, mwaka huu ni wa kumi na tisa niko kwenye kazi hii, na fundi huyo yuko nami tangu wa tatu. Kofia ile hajawahi kunivulia, hata siku nilipoingiza mashine ya randa watu wa mtaa mzima wakaja kuitazama.

Asubuhi ya kukipeleka nilifika nikakikuta kimefumuliwa. Miguu huku, mgongo kule, na Kitinda yuko sakafuni katikati ya vipande, macho mekundu. Alisema, "Dada, wameniamini sana. Na kama kitamuumiza?" Akaniambia kiti kimepinda na kila fundi atakayekiona atacheka, bora nipeleke kimoja cha vile vyangu nikakirekebishe. Akasema yeye si fundi, fundi mkono wake hautetemeki, nijitazame mimi, mimi sitetemeki hata siku moja. Alikuwa ameshafunga begi. Angerudi kwako, asiguse tena patasi, atafute kazi ya kupanga maboksi mahali, ambapo boksi likianguka hakuna anayeumia.

Nitakuambia kilichonipita moyoni, kwa sababu nikikuficha wewe nitamwambia nani. Nilifurahi. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni tayari: basi lipo la saa nane. Nikaona kofia ya mzee ikirudi kichwani mwake, na karakana ikirudi kuwa yangu. Ulikuwa ukiniambia nikiwa mdogo kwamba mimi ni Jiwe, sina haja ya kubembelezwa, kwa hiyo mabembelezo yote yalikwenda kwake. Nilidhani siku hiyo deni hilo limelipwa.

Badala yake niliinama nikaokota mguu wa mbele. Nikamwambia alete gundi na aache kulia juu ya viungo, maji ya chumvi hayashiki. Tukakiunga pamoja. Yeye alikuwa amesahau mahali pa kila kipande kwa ile hofu, mimi sikuwa nimesahau. Kila nilichopachika kiliingia, na aliniangalia kwa mshangao, kwani hakuwahi kunipa hata kipimo kimoja.

Tulikipeleka mchana. Yule mzee alikalishwa, akatulia, akainama kushoto kama kawaida yake, kiti kikampokea. Mwalimu alibaki amesimama, mikono yake hajui aipeleke wapi. Akaiweka kiunoni, akaitoa, akaifumbata. Tulipotazama tena, mzee alikuwa amelala usingizi. Ndipo mwalimu akasema kwa sauti ya chini kwamba anakwenda kuchemsha chai, na akaenda, na tulimsikia jikoni akifungua maji na kuyaacha yatiririke muda mrefu kupita chai yoyote.

Njiani kurudi, ndani ya pikapu, Kitinda aliniuliza nilijuaje mahali pa kila kipande. Nilimwambia yeye kwanza, na sasa nakuambia wewe.

Siku iliyotangulia, watu wote walipotoka kwenda kula, nilifunga mlango wa karakana nikakikalia kile kiti. Nilikwenda kutafuta kosa. Nilikuwa na pima maji mkononi na tepu mfukoni. Hakikuwa saizi yangu na hakikutengenezwa kwa mwili wangu, lakini nilipoinama kushoto kilinipokea, na hapo, Mama, Jiwe lako likalia hadi kola ikalowa. Nilimwonea wivu mtu aliyepooza. Nilimwonea wivu kwa sababu kuna mtu alikaa siku mbili kwenye kreti akitaka kujua anavyoinama. Nilikipapasa kila kiungo kwa vidole mpaka nikakijua, kisha nikanawa uso, nikafungua mlango, nikamgombeza mtu wa kwanza aliyeingia.

Kitinda hakushangaa. Alitazama mbele barabarani, akaniambia, "Tangu nije unaegemea mguu wa kulia, Dada. Nyonga ya kushoto inakuuma, na hujamwambia mtu." Ni kweli, inaniuma tangu mwaka juzi. Kisha akasema jambo ambalo sijamaliza kulitafuna. Alisema mtu anayeupima ubao mmoja mara tatu kabla ya kuukata naye anatetemeka, ila ameficha kutetemeka kwake ndani ya tepu. Nikamwambia basi naye atafute mahali pa kufichia kwake. Akajibu kwamba hataki tena kuficha kutetemeka, anataka tu kufanya kazi nako. Begi alilifungua jioni ile, nguo zake zote, pamoja na sweta langu, zikarudi kabatini.

Hofu haijamtoka, usije ukadhani. Juzi tumepata kazi ya kitanda cha mtoto mgonjwa, na kabla ya kukata ubao wa kwanza aliuzunguka uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilimwambia azunguke atakavyo, mradi arudi. Alirudi. Fundi wa vanishi akamuuliza kama wodi sasa imefunguliwa.

Wivu nao haujanitoka. Wateja wanaingia wakimuulizia yule kijana wa kreti, na mimi ndiye ninayewaonyesha alipo. Inanichoma. Lakini kila kazi yake sasa naipima mimi, na kila kazi yangu anaishika yeye kabla haijatoka, na mbili zimerudishwa mezani kwa sababu alisema hazitaki mtu.

Nina ombi moja tu. Katika barua yako ijayo usiniulize habari za Kitinda, muulize yeye habari zangu. Anazijua kuliko nilivyotaka. Amekuwa akiniomba nikalie lile kreti, anasema anataka kunitengenezea kiti cha kufanyia kazi, nami nimekuwa nikimjibu kwamba sina muda. Sasa hivi ameligeuza karibu na dirisha na ameanza kuchonga kijiti, anajifanya hanioni. Nikishaifunga bahasha hii nitaenda kukaa. Sijui nitaanzia wapi kusema. Labda nitaanzia kwako.

Wasalimie majirani, na dada yako mwambie kabati lake liko tayari, milango inafunga. Magoti uyakande kwa maji ya moto usiku, usiyabishie.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Jiwe