Kitanda Kitoke Kwanza, Ndipo Mkweo Aingie

Buswelu, Jumapili mchana

...wala si dharau, Mama. Simu ilikatika ukiwa unasema mkweo anaringa tangu apate leseni, ndiyo maana amekataa kusaini fomu ya kuingiziwa umeme nyumbani kwenu. Nimeona afadhali niandike, maana simu yako huwa unaiweka sauti ya juu, halafu jiko zima linachangia.

Shikamoo Mama. Na Baba mfikishie shikamoo yake. Mguu wake unaendeleaje? Sisi wazima, tunacheka kutwa. Miezi mitatu ya ndoa, na bado nikisikia pikipiki ya Masanja inakata kona moyo unaruka! Harudi mikono mitupu, hata kama ni hindi moja la kuchoma tugawane. Leseni yake ya ufundi umeme ameitundika kando ya picha yetu ya harusi. Nikamwambia, "Sasa nyumba hii ina wake wawili." Akajibu, "Huyo wa pili ndiye aliyenisotesha zaidi."

Sasa sikiliza. Alipokuja kwenu Nansio kufunga nyaya, vyumba vyote alifanya mwenyewe, isipokuwa chenu. Mkwe haingii anakolala mama mkwe, hilo hukulisema wala yeye hakuliuliza. Kaka Magesa akasema atamalizia. Siku tunaondoka, kaka akajisifu mezani kwamba chumba chenu tayari, tena hakununua kitu, ametumia waya uliobaki. Masanja akaacha kula. Waya uliobaki ulikuwa ule mwembamba wa taa, na kaka ameupeleka kwenye soketi.

Mimi sikuona uzito wake mpaka juzi. Nilimpelekea Masanja chakula Kisesa, kwa mama mmoja anayeuza vitenge. Nyumba yake ilifungwa nyaya na kishoka, hana leseni wala nini. Soketi imeungua, ukuta mweusi mpaka darini, godoro lina shimo. Bahati yake ilikuwa mchana na yeye yupo hapohapo anapiga pasi, akawahi kuzima. Masanja akachomoa waya ukutani akanionyesha. Mwembamba, umeyeyuka kama pipi. Akaniuliza polepole, "Kitanda cha mama kule Nansio, kichwa kiko upande gani?"

Nikamwambia, upande wa soketi. Mama, mwanaume mzima alikaa chini.

"Basi nenda ukarekebishe," nikasema.

"Niingie chumbani kwa mama mkwe? Unataka nirudishiwe ng'ombe wangu?"

"Basi saini tu, wawashiwe umeme."

"Nikisaini, nimesema nimekagua kila chumba. Hicho sijakiona. Leseni wakininyang'anya nitaisotea tena. Mama nitampata wapi mwingine?"

Ndivyo alivyosema, mikono imejaa masizi. Niambie kama huyo anaringa! Nilitamani kumkumbatia mbele ya yule mama wa vitenge, na kusema kweli nilimkumbatia.

Najua majirani wote wameshawashiwa, na wewe umechoka na taa ya sola inayozimika kabla ya habari. Lakini nimepata njia. Unakumbuka bibi alipougua ukamlaza sebuleni? Baba akawa anamsalimia mama mkwe wake kutoka mlangoni, hata redio yake analetewa nje. Siku kitanda kilipotolewa, akaingia akakaa kwenye kiti chake kama kawaida, na hakuna aliyesema neno. Basi fanyeni vilevile. Toeni kitanda, godoro, nguo, hata ndala za chini ya kitanda. Kikibaki kitupu ni chumba kama vingine. Nilipomweleza Masanja alicheka mpaka machozi, halafu akasema, "Mama akikubali, nitaingia nimevua viatu."

Kaka Magesa mwambie asinune, nyaya watavuta wote wawili. Msalimie shangazi, aliyenifundisha kupika ugali wa muhogo usio na mabonge (Masanja anamshukuru kila siku), na mama mkubwa anayenishonea sare za kwaya.

Mwezi huu hauishi kabla hatujashuka gatini hapo, tukiwa na waya mnene wa kutosha na fomu isiyosainiwa. Ukisikia honi ya meli, anzeni kutoa kitanda, mkiweke uani. Mimi nitakikalia mpaka mume wangu atoke humo ndani, asaini.

Mwanao anayekupenda, mke wa fundi mwenye leseni,
Edita