Eunice na Maji ya Betri

Jumatano, 27 Februari 2019

Baridi ya kukata masikio. Hollis kaingia asubuhi bila hodi, kajimiminia kahawa yangu.

"Shemeji, Jumanne kwenye mkutano wa kijiji naomba kazi yako ya kukata majani makaburini. Mashine yangu mpya ya petroli itamaliza kwa saa mbili. Hilo trekta lako la betri ni la mwaka sabini na moja. Lipumzishe!"

Lipumzishe! Marehemu mume wangu Wendell, kaka yake mwenyewe, ndiye aliyeliita Eunice, jina la shangazi yao, maana naye alifanya kazi kutwa bila kutoa sauti. Mota ni ileile ya kiwandani. Kaboni za mota nimebadilisha mara mbili, nyaya mara moja, betri kila miaka saba. Basi! Hollis kwa muda huo kaua mashine tatu.

Nimemwambia aoshe kikombe aende zake. Kaosha.

Alhamisi, 28 Februari

Roho haijatulia. Wendell kalala makaburini, safu ya tatu, karibu na uzio. Kila Alhamisi ya kiangazi nampitia na Eunice, polepole, namsimulia: nani kavunjika nyonga, nani kaoa tena, na kwa haraka gani. Eunice hapigi kelele, tunasikilizana. Wakinipokonya makaburi nitazungumza na nani? Jokofu?

Naogopa. Haya, nimesema.

Jumamosi, 2 Machi

Jua! Miti ya mepo imeanza kutoa maji yake matamu, ndoo zinadondokewa ti-ti-ti kutwa. Nimejaza madumu sita ya Hollis, ayachemshe mpaka yawe shira. Mawili ya mti alioupanda Wendell nimeyatenga rafuni gereji, pembeni ya maji ya betri. "Haya uyachemshe peke yake," nimemwambia alipokuja kuchukua, nikamkabidhi. Kasema ndiyo, bosi.

Baadaye nimemhudumia Eunice. Nimesugua vichwa vya betri kwa mswaki na magadi, nimeongeza maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, kwenye zote sita, nimechomeka chaji.

Thelma, mwenyekiti wa mkutano, kapiga simu. Anapendekeza Eunice asafishe theluji ya uwanja wa ukumbi mchana wa Jumanne, watu wakila, wajionee kama bado mzima. Nimejibu: hata mara mbili! Mdomo wangu huu.

Jumapili, 3 Machi

Kanisani. Hollis kauliza kama Eunice bado anapumua. Nimemwambia anakusalimu, anasema umenenepa.

Jumatatu, 4 Machi

Simu ya Hollis, analalama. Kayachemsha yale madumu mawili tangu alfajiri, kuni zimekwisha, sufuria imekauka kavu. "Hata tone la shira, shemeji! Kaka kaondoka na sukari yake!"

Nimecheka mpaka machozi.

Kisha nikaacha kucheka.

Madumu! Yote meupe, yote ya duka moja, yote yana maji maangavu. Nimekimbilia gereji na soksi tu miguuni. Rafuni limebaki dumu moja na nusu. Nimechovya kidole, nimeonja — TAMU.

Kwa hiyo Hollis kachemsha maji ya betri. Na Eunice kanywa maji ya mepo. Betri zote sita!

Siwezi kuyatoa, yameshachanganyika na asidi. Betri mpya ni za kuagiza, wiki mbili. Mkutano ni kesho. Nimemwasha: mbele anaenda, nyuma anarudi. Nimefunga kifuniko. Sitamwambia mtu.

Jumanne, 5 Machi — ukumbini, kiti cha nyuma

Naandika nyuma ya ajenda.

Mchana Eunice kaanza vizuri, bamba la kusukumia mbele, theluji inasogea, watu wanatazama na sahani zao za maharage. Mzunguko wa kwanza, makofi! Wa pili, ikaja harufu. Sukari ya kuungua.

"Nani anakaanga donati?" kauliza mtu. Wakaanza kutoka nje, mmoja kabeba kabisa bakuli la achari ya matango, ambayo huku tunaila na shira!

Mzunguko wa tatu Eunice kapunguza mwendo. Hatua nne kufika langoni, kasimama. Povu la kahawia likamchuruzika ubavuni.

Hollis kafungua kifuniko. Miaka hamsini anapika shira, pua ile haidanganyiki. Kanusa, kanyoosha kidole kwenye povu —

"Usilambe!" nimepiga kelele. "Ni asidi!"

Kaganda na kidole hewani. Kanitazama. Katazama betri. Nimeona uso wake ukihesabu madumu.

"Ule mti wa kaka," kasema taratibu.

"Ndiyo."

Nilingoja awatangazie wote. Kavua glavu, kaegemeza bega, tukamsukuma Eunice pamoja mpaka langoni. Halafu kaingia ndani.

Sasa Thelma kasoma hoja. Wanaotaka makaburi apewe Hollis, wasimame, wahesabiwe. Tuko sabini na tisa; wakifika arobaini, makaburi yamekwenda.

Wanasimama. Wengi, jamani. Thelma anahesabu kwa kalamu: thelathini na nane... thelathini na tisa... Anamtazama Hollis, mwenye hoja.

Hollis kakaa. Kainama, anahangaika na viatu.

"Hollis, unasimama au husimami?"

"Ngoja kidogo, Thelma, nafunga kamba."

Viatu vyake ni vya zipu.