Kurasa Zisizo na Nyuso: Tunamkumbuka Baba Yetu, Kiyoharu Onodera

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya mvua ulipoinuka mezani ukasema unakwenda kunyoosha mgongo, ukaanguka koridoni hata mlango hujaufikia. Mama alidhani umeangusha vitabu. Akakuita kutoka jikoni kwa jina lako la utani, "Mwalimu, umebomoa nini tena huko?" Ulikuwa umeshatutoka. Hadi leo hapendi jambo hilo lizungumzwe, lakini sisi wanao tunalisema hapa.

Wengi watakaosoma tangazo hili walikujua kwa katuni zako tu. Hawakujua ulivyokuwa ukikoroma. Hawakujua kwamba miaka nenda miaka rudi ulikula wali wa jana uliomwagiwa chai ya moto, na plamu moja ya chumvi juu yake, na mgeni akila samaki wa kuchoma ulimtazama kwa huruma kama mgonjwa. Ulikuwa mbishi pia. Tusijifanye tumesahau.

Ulitoka hapa Tsuruoka ukiwa kijana, ukaenda Tokyo kuwachorea wengine. Kazi yako ilikuwa watazamaji wa ndondi katika katuni za mtu mwingine: vichwa, vichwa, na vichwa tena, wote midomo wazi. Ulituambia huko ndiko ulikochokea kelele. Ulipoanza kuchora hadithi zako mwenyewe, wahariri walikurudishia. Mmoja alikuambia, "Onodera, humu hakuna anayepigwa, hakuna anayekimbia, hata mlango haubamizwi. Msomaji afanye nini?" Ukamjibu, "Akae." Jamani, Baba! Nani anamjibu mhariri hivyo na bado anatafuta kazi?

Ukarudi nyumbani mikono mitupu, ukamwoa Mama, ukachora mabango ya maduka ya watu. Kisha jarida moja la katuni linalosomwa na watu wa makamo likakubali hadithi yako ya mwanamke anayekusanya kiingilio mlangoni mwa bafu la umma la mtaa, ukaiita "Mvuke". Haikuvuma. Ila walioisoma hawakukuacha tena, wakazeeka pamoja nawe.

Mstari wako ulikuwa mwembamba, wa mtu asiyetaka kusumbua. Wenzako walijaza ukurasa milio ya mapanga na magari, wewe ukaacha weupe. Theluji yako ilikuwa karatasi tupu tu, lakini tukiitazama tulivuta shuka. Mvua ulikataa katakata kuichora kwa rula. Ulichora mstari mmoja mmoja kwa mkono hadi ukurasa ukajaa, na Mama akisimama nyuma yako na sinia la chai alisema, "Ingekuwa mvua ya kweli, ingeshakatika zamani."

Na nyuso ulizichora mwisho. Hilo liliwashangaza wachoraji wenzako wote. Bi Tokie Nagumo, aliyekusaidia tangu sisi tukiwa shule ya msingi, alichora nyumba, mikeka na ngazi; wewe ukachora miili na mikono; wino ukikauka kabisa ndipo ulipogusa macho na midomo. Ulisema huwezi kujua mtu anajisikiaje kabla hujakiona chumba alichokaa. Bi Tokie alikuwa akilalamika, "Mwalimu, wiki nzima watu hawa wananikodolea na macho hawana. Mwenzio naogopa!" Ulicheka mpaka ukakohoa.

Ndivyo ulivyotuachia sura ya mwisho ya hadithi yako ndefu, ile ya mzee na mkewe wanaofunga duka lao la tofu, ile jibini ya maharage ya soya. Duka limekamilika, ndoo zimeoshwa, mikono imeshika pazia la mlangoni inalishusha. Nyuso hazipo.

Mama hakulia mazikoni, Baba. Hakulia walipokileta chungu chenye majivu yako. Majirani walinong'ona, wacha wanong'one. Kilichotutisha sisi ni kwamba kila asubuhi aliingia chumbani mwako, akafuta vumbi kuzunguka zile kurasa bila kuzisogeza, akakuwekea chai mezani. Kwenye altare ya nyumbani, mbele ya picha yako, ambapo marehemu huwekewa chai na udi, hakuweka kitu. Tulipomuuliza, alisema, "Kazi yake bado haijaisha." Alilisema kama mtu anayemngoja mumewe arudi dukani. Tukaanza kuogopa kwamba tutawapoteza wote wawili.

Siku ya arobaini na tisa tangu ututoke, ambapo matanga yetu huisha, mtawa alipomaliza sala na sisi tumeketi kula, mhariri wako Bwana Kuramochi alipiga magoti hadi paji likagusa mkeka. Aliomba Bi Tokie azimalizie zile nyuso, kitabu kitoke.

Baba Mkubwa Yoshinori akadakia hapo hapo. "Shemeji, mwache amalize. Utamwachaje mdogo wangu na kazi nusu?"

"Aliiacha yeye," Mama akasema. "Mimi sikumwachisha."

Kisha akamgeukia Bi Tokie. "Unaweza?"

Bi Tokie alikuwa ameinamisha kichwa. "Naweza, Mama. Mkono wake naujua. Hakuna atakayegundua."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Mama akaweka birika chini. "Basi usichore. Hicho ndicho ninachokiogopa. Nitakaa hapa nawatazama, nadhani ni yeye aliyewachora, kumbe siye."

Chakula kilitushinda wote siku hiyo. Baba Mkubwa aliondoka amenuna, na Bi Tokie alilia garini njia nzima.

Bwana Kuramochi ni mtu mvumilivu. Alirudi tena na tena, kila mara na keki za maharage anazozipenda Mama, mpaka wakakubaliana kurasa zichapwe kama zilivyo, pasiongezwe hata nukta. Kitabu kilitoka majani yalipoanza kupukutika. Wengine walikasirika, wakasema wameuziwa kazi mbichi. Mama hakujali. Aliendelea kukuwekea chai chumbani.

Halafu, mwezi uliopita, ikaja bahasha kutoka kwa fundi wa mikeka wa mji wa Noshiro ambaye hatumjui. Alikuwa ameuchana ukurasa wa mwisho akawachorea nyuso yule mzee na mkewe, kwa penseli. Baba, ungeziona! Pua imekwenda upande, na mzee anaonekana ana jino linamuuma. Chini aliandika kwamba ameshindwa kuwaacha vile, anaomba radhi. Kati yetu wanao wawili, Toshiya alisema tuichome haraka Mama asiione. Chigusa alikuwa bado anatafuta kiberiti Mama alipoingia, akainyakua.

Akaenda nayo dirishani. Tulingoja apandishe hasira. Aliutazama uso wa yule mzee, akausogeza mbali, akausogeza karibu, akaufuatisha kwa kidole taratibu kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Si yeye," akasema.

Tukamwambia, "Ndiyo, Mama, si yeye. Tupe tukaiweke."

"Hapana, nisikilizeni. Huyu si yeye. Na Tokie angechora, asingekuwa yeye. Atachora huyu, atachora yule, na hakuna hata mmoja atakayekuwa yeye." Akaketi sakafuni palepale na ukurasa mapajani. "Hayupo, wanangu. Nilikuwa namngoja bure. Baba yenu amekufa."

Alilia, Baba. Alilia kwa sauti ambayo hatukujua anayo, mpaka jirani akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Tukamwambia tumefiwa. Alitushangaa, maana mazishi yalishapita zamani, lakini kwetu siku ile ndiyo tuliyofiwa.

Sala ya kutimiza mwaka itafanyika Jumapili asubuhi hekaluni. Mkeo Fusae ndiye atakayewasha udi wa kwanza, ameomba mwenyewe.

Unakumbukwa naye, na watoto wako Chigusa na Toshiya, mjukuu wako Mio, kaka yako Yoshinori, Bi Tokie Nagumo ambaye kwetu ni ndugu, na wasomaji wote waliokubali kukaa ulipowaambia wakae. Tutakukumbuka siku zote, Baba, hata siku zile tutakazotamani kupumzika na huzuni.