Jozi Sita Mdomoni mwa Duara

Jumamosi, 14 Juni

Sketi kumi na nne leo. Shule zinafunguliwa Julai na kila mzazi wa Kahama amekumbuka sare wiki hii hii. Cherehani inaruka uzi. Mgongo hauna hali.

Kesho kwaya inakwenda kuimba Katoro. Baada ya ibada tutatembezwa kwenye mji wa zamani wa machimbo. Mtembezaji anasifika kwa hadithi za mizimu, na wenzangu wamechangamka kama wanakwenda harusini. Mimi sitaki. Maeneo yale ndiko alikofukiwa mume wangu Masanja, miaka kumi na moja sasa, Neema wetu akiwa na miezi minne. Sijawahi kukanyaga. Nitakwenda tu kwa sababu nikikataa watanionea huruma, na huruma yao nimeichoka.

Jumapili, 15 Juni

Nimerudi Kahama usiku.

Mtembezaji anaitwa Lukas. Alikuwa mchimbaji. Anachechemea, ila mdomo hauchoki. Saa tisa alasiri alituanzishia kwenye nyumba za mawe za Wazungu wa enzi za ukoloni. Paa hakuna, mipapai imeota sebuleni. Akatuonyesha ngazi ambapo meneja mmoja husikika akishuka na mbwa wake. Kina mama wa sauti ya kwanza wakapiga mayowe. Hata mimi nilicheka. Kisha makaburi yao, misalaba imelala. Kisha mashimo ya wachimbaji wadogo, maduara yaliyoachwa.

Kwenye duara la mwisho alivua kofia. Akaeleza desturi yao. Kushuka na viatu ni mkosi. Kila mtu anaacha vyake mdomoni mwa duara, na aliye juu akitaka kujua nani yuko chini, anatazama viatu. Siku udongo uliposhuka zilikutwa jozi sita za katambuga, ndara za matairi. Vikasomwa viatu, yakatangazwa majina sita. Duara likafungwa na watu wake humo humo. Hapo Lukas akashusha sauti. Mpaka leo, mchana kweupe, huonekana mtu peku akilizunguka duara, anasema, "Vile havikuwa vyangu. Mmemlilia nani?"

Wenzangu walikumbatiana kwa raha ya woga. Mimi nilishika mti. Masanja ni mmoja wa wale sita. Katambuga zake waliniletea nyumbani, tukazizika pamoja na shati lake kwa kuwa mwili haukupatikana.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Mara mbili.

Nina hasira na Lukas. Wafu wetu kawageuza maigizo ya wageni. Halafu najiuliza mbona mzimu wake aseme maneno yale na si mengine. Mtu hatungi kitu cha namna ile bure.

Neema kauliza kama nimeona kaburi la baba. Nimemfokea. Hakustahili.

Jumatano, 18 Juni

Basi la asubuhi mpaka Katoro, peke yangu. Nimemkuta Lukas kwa mama ntilie anakunywa supu. Nikamwambia mimi ni mjane wa Masanja. Kijiko kikabaki hewani.

Alichosema ni hiki. Asubuhi ile mkanda wa katambuga za Ndaki, mtu wa Tinde, ulikatika. Masanja akampa zake, kwa kuwa yeye alikuwa na mabuti. Ndaki akashuka duarani. Masanja akaelekea barabarani na kiroba cha mawe ya dhahabu begani. Muda si mrefu udongo ukashuka. Kiroba kilipotafutwa hakipo, Ndaki naye haonekani, basi kila mtu akasema Ndaki ndiye mwizi, kakimbia. Lukas alikwenda kumwambia mwenye duara. Akaambiwa afunge mdomo, majina yameshatangazwa, ndugu wameshaitwa.

"Nikiwaambia mimi Lukas hawasikii, Mama Neema," alisema. "Nikiwaambia ni mzimu, wananisikiliza mpaka mwisho."

Nimemwita mwongo mbele ya watu. Nikaondoka.

Ijumaa, 20 Juni

Si mwongo.

Wacha niandike, hapa hasomi mtu. Miezi mitatu baada ya matanga ilinipigia namba ngeni. Kimya. Kisha kikohozi, kile kikavu cha mara mbili. Nililala na kikohozi kile miaka mitano. Nilikijua. Nikakata simu, nikajiambia ni mtandao. Nilikuwa nimeshazoea kushikwa mkono kanisani, kupishwa kwenye foleni ya maji. Mke wa mtoro hapishwi na mtu.

Kwa hiyo Masanja ni mwizi, na huenda yu hai. Namchukia. Nimemchukia tangu juzi bila kupumzika, hata nikiwa napika. Lakini kuna mama huko Tinde ameitwa mama wa mwizi miaka kumi na moja, na anamsubiri mtu aliye chini ya kifusi. Naogopa. Nikinyamaza sitalala tena.

Nimemwambia Neema yote tukichambua mchele. Hakulia. Aliuliza kama itabidi wenzake shuleni wajue. Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua, polepole sana.

Jumamosi, 21 Juni

Tinde. Nimeulizia kwa mama yake Ndaki. Mwenye duka alinijibu huku anapima sukari: "Yule ambaye mwanawe aliiba?"

Nyumba ya mwisho, uwanja umefagiwa. Mama mrefu, mikono ya jembe. Nikapiga goti, shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniletea kigoda. Nimesema yote kwa mfululizo, maana ningepumzika ningekimbia. Viatu, kiroba, jina la mume wangu. Nikamwambia mwizi ni wa kwangu, wake alikufa kazini.

Alimfukuza kuku miguuni pangu. Kisha akauliza, "Asubuhi hiyo alikuwa amekula?"

Sikujua. Nikasema sijui. Nililia mimi, yeye hapana.

Jumapili, 22 Juni

Nimelala hapa. Kulipokucha Mama Ndaki aliwaita majirani, akawatangazia kwamba mwanawe amefariki. Hivyo tu. Wengine walikosa pa kutazama. Mwenye duka ameleta turubai na viti, kazi ya kufunga kamba kaifanya mwenyewe.

Wanawake wa ukoo wamenyolewa nywele, yeye wa kwanza. Mimi nilijibanza kwa wapishi, namenya viazi. Jamvini si mahali pangu, nilijua. Mume wangu ndiye aliyewafanya wamlilie Ndaki leo badala ya siku ile.

Mama Ndaki alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. Akasogea, akapapasa jamvi kando yake.

"Mayu, mama, huku ndiko wanakokaa wafiwa."

Nimenawa mikono. Nimekwenda nikakaa.